Vigumba vya Mashoto

6 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwangu na kwa Mama. Hatujambo, ukiondoa macho yake, ambayo siku hizi yanamwonyesha watu kama vivuli tu. Juzi alimkumbatia muuza maziwa akidhani ni wewe umerudi. Yule bwana, kwa adabu zake, akakubali kuwa wewe. Akaulizwa kama anakula vizuri, akasema anakula. Basi ujue huku una pacha, na anagonga mlango wetu kila asubuhi, kukushinda wewe.

Baada ya salamu, ndani ya kifurushi hiki mna vigumba vya mishale ulivyoniagiza pamoja na manyoya ya mkiani. Tangu Baba atutoke sijafua vigumba vikatulia hivi. Sasa sikiliza namna ya kuvifunga, maana Baba alipokuwa akifundisha wewe ulikuwa dirishani unahesabu mbwa wa watu.

Kila kimoja nimekipima kwenye mizani dhidi ya nati ya baiskeli, na vyote viko sawa nayo. Uzito huo ndio unaopatana na vijiti vya mishale yako, usiuchezee. Pasha ulimbo moto, pachika kigumba, kisha simamisha mshale kwa ncha juu ya ukucha na uuzungushe. Ncha ikitetema, pasha moto tena, kigeuze kidogo, jaribu tena. Usiseme "hapo pametosha." Pametosha ni pale ambapo hutetemi wewe wala yeye.

Makali nimeyanoa upande mmoja tu, kama patasi, na kwa kuwa mkono wangu unaujua, ni wa kushoto, yameegemea kushoto. Kigumba kikiingia kwenye nyama kinazunguka kushoto. Manyoya niliyokupa yote ni ya bawa la kushoto, nayo yanauzungusha mshale upande huohuo. Chuma na manyoya wakienda pamoja hakuna mfupa utakaowazuia. Makali yakilegea, tumia kinoo, upande uleule. Tupa, ile ya kukwangulia chuma, usiisogeze hata karibu.

Umeshamwambia mwenye kambi yenu ya uwindaji habari zangu? Karakana ni yako kwa kinywa cha Baba, lakini kwa mikono ni yangu, na mikono haina kazi. Watu wananunua vigumba vya kiwandani. Nijibu hilo.

Dada yako,
Mashoto

2 Machi

Dada, shikamoo.

Mwambie Mama nakula. Mwambie na muuza maziwa asinenepe mno kwa jina langu.

Vigumba vimefika, na nikikwambia ni moto, ni moto! Nguruwe mwitu wa kwanza mshale uliingia huku ukatokea kule, akapiga hatua chache akalala. Bwana Mkubwa, ndivyo tunavyomwita mwenye kambi, alikigeuzageuza kigumba mkononi akasema tangu aanze kupokea wageni wa kuwinda kwa upinde hajaona chuma cha namna hiyo. Matokeo yake nimewekwa kuwa kiongozi wa wawindaji, kwa majaribio. Nikimaliza msimu vizuri, kazi ni yangu. Wanyama watatu wakitoroka na majeraha, narudi kubeba mabegi ya wageni. Sheria yake haina mjomba wala shangazi.

Ninafanya kazi na mtu mmoja tunamwita Pua. Yeye hufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa mpaka ampate, na nakuapia anaisoma kama gazeti. Siku hizi analalamika kwamba vigumba hivi vitamfukuzisha kazi, wanyama wanaangukia miguuni pake.

Lile la kumwambia Bwana Mkubwa, nitatafuta wakati mzuri. Ana mambo mengi. Halafu kitu kidogo, dada: kwenye kifurushi usiandike tena "kutoka kwa Mashoto." Huku watu wana maswali. Andika "Fundi" tu, inatosha.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akikufunga mkono wa kushoto kiunoni kwa ugwe wa upinde, eti wa kulia upate akili? Mimi nakusubiri nyuma ya pipa la maji, nafungua fundo kwa meno. Mpaka leo jino moja limepinda. Kila nikicheka nakukumbuka.

Nitumie vingine, tafadhali.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama anafurahi umekuwa kiongozi, ameshawatangazia majirani mpaka wa nyumba tulizokosana nazo.

Jino hilo lilipinda kwa kufungulia soda, usinisingizie. Lakini fundo nalikumbuka. Nakumbuka na mate yako kwenye kifundo changu cha mkono, yana harufu ya karanga. Hakuna aliyewahi kunifungua mwingine.

Vigumba hivi hapa, pamoja na manyoya, bawa lilelile. Nimeandika "Fundi" kwenye kifurushi kama ulivyotaka. Ila niambie, Mashoto limekukera nini? Jina hilo ulinipa wewe, hata meno ya utoto hujang'oa.

Na huo wakati mzuri ni upi, ndugu yangu? Mtu anakisifia kigumba mbele yako, kakishika mkononi, wewe unasubiri wakati gani tena? Fundi wa mageti wa chumba cha jirani anaitaka karakana. Mwenye nyumba tunayemlipa kodi amenipa mpaka mwisho wa Agosti: nikiwa na kazi ya kudumu nabaki, nikiwa sina natoka na fuawe langu la kufulia chuma. Kambi yenu ikiniagiza vigumba mwaka mzima, nimepona. Ni neno moja tu, "dada yangu ndiye anayevifua." Hata ukiwa na kwikwi unaweza kulisema.

Dada yako

24 Mei

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kimya, kazi zimenibana. Mama vipi macho? Mwambie nitakuja.

Dada, mambo yameniharibikia. Vigumba haviingii. Swala wa kwanza nilimpiga vizuri kabisa nyuma ya bega, mshale ukaingia nusu kidole ukasimama, akaondoka nao. Pua alifuata damu mpaka ikaisha. Wa pili hivyohivyo. Halafu mishale inakwenda kushoto. Nalenga moyo, napata bega. Wawili wamekwenda na majeraha, nimebakiwa na mmoja wa kunitoa. Wageni wananong'ona. Bwana Mkubwa haongei nami, anakohoa tu nikipita.

Labda chuma cha safari hii ni laini? Labda ulikuwa na haraka? Sisemi kwa ubaya. Lakini vya kwanza havikuwa hivi.

Nijibu upesi.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Mama anauliza "nitakuja" ni lini. Nimemwambia ni neno la heshima tu, kama "karibu chakula" wakati sufuria limeshaoshwa.

Chuma ni kilekile, kimekatwa kwenye springi moja ya lori. Moto ni uleule. Haraka sikuwa nayo, niwe na haraka ya kwenda wapi? Usinitafutie kosa kabla hujajitafuta mwenyewe.

Mshale hupinda kidogo unapotoka upindeni. Kigumba kizito huupinda zaidi, chepesi huuacha mgumu. Ukiwa mgumu, kwa mpigaji wa mkono wa kulia kama wewe, unakwenda kushoto. Kwa hiyo kuna kitu kimepungua mbele ya mshale wako. Nenda kwa mpishi wa kambi, omba mizani, tafuta nati ya baiskeli kama niliyokuambia, upime. Na uniambie kweli: ulivinoa kwa kifaa gani, upande gani? Manyoya uliyoyafunga ni ya bawa gani? Kisha nirudishie kimoja nikione kwa macho yangu. Lori linalowaletea mahitaji linapita njia yetu.

Usipite kando ya maswali yangu kama ulivyozoea. Nimekuuliza matatu, nataka matatu.

Kuhusu Bwana Mkubwa sikuulizi leo. Naona huu nao si wakati mzuri.

Dada yako

26 Juni

Dada, shikamoo.

Natumai nyote ni wazima. Hapa mvua imekatika na majani yameanza kukauka.

Nimepima. Kweli vimepungua, nati inavishinda. Sijui kwa nini. Chuma labda kimeliwa na kutu, unyevu wa hapa ni mbaya. Manyoya ni hayohayo yako, sikugusa. Kunoa nimenoa kawaida, kama watu wanavyonoa. Nimempa dereva kimoja akuletee, usikae ukikichunguza kama daktari, we tazama chuma tu.

Habari njema ni kwamba nimekutaja kwa Bwana Mkubwa. Nimemwambia waziwazi kwamba vigumba vinafuliwa na dada yangu. Si ndicho ulichotaka? Basi furahi.

Pua haendi kazini siku hizi, ameumia kidogo. Tunaye mtu mwingine wa muda.

Mdogo wako

12 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo, na kwa habari hiyo acha nimalize salamu.

Barua yako niliifungua mlangoni, nimesimama. Nilipofika kwenye "nimekutaja" nilicheka peke yangu. Nikamkaribisha dereva kiti, nikamwekea chai, nikamwongezea na sukari. Nilikuwa na furaha, mdogo wangu. Nakuandikia hivyo ili ujue nilikuwa nayo.

Dereva akanywa, akatazama mivukuto, akatazama fuawe, akaniuliza kwa upole: "Kumbe wewe ndiye dada aliyempa kiongozi vigumba vibovu?"

Nikamuuliza, vibovu vipi. Akasema kambini walijua kiongozi anafua mwenyewe. Wanakuita Mhunzi. Msimu wote unaitwa Mhunzi na unaitika! Halafu mgeni wenu akampiga nguruwe, mshale ukasimama juujuu, nguruwe akajificha kichakani. Pua akaingia kumfuata, kama kazi yake ilivyo, na nguruwe akampasua paja mpaka mfupa ukaonekana. Wengine walimuua nguruwe juu yake. Huyu dereva ndiye aliyempeleka hospitali, na damu haijatoka kwenye kiti cha lori, amenionyesha. Bwana Mkubwa alipokuuliza ni chuma gani hiki, siku hiyo ndipo ulipokumbuka kuwa una dada.

"Ameumia kidogo." Wewe mtu!

Sasa kigumba. Nimekitazama dirishani, kwenye mwanga wa asubuhi. Mimi nilikinoa upande wa kushoto. Upande huo sasa umesawazishwa kwa tupa, na mteremko mpya umekatwa upande wa pili, kulia. Ndiyo maana kimekuwa chepesi, nusu ya kazi yangu umeigeuza vumbi. Kutu haiachi mikwaruzo, bwana mdogo. Na manyoya ni ya bawa la kushoto bado. Yanauambia mshale zunguka huku, chuma kinauambia zunguka kule, wanagombana ndani ya mnyama, mshale unasimama. Hata vingekuwa vya kiwandani vingeingia kuliko hivyo.

Nilikaa najiuliza, kwa nini mtu achukue kitu kinachofanya kazi, akiharibu kwa jasho lake mwenyewe? Chai yangu ikapoa na swali. Kisha nikakumbuka "andika Fundi tu." Mtu yeyote anayejua upinde, akikishika kigumba changu, ataona aliyekifua ni shoto. Na wewe si shoto. Ulikuwa unanifuta mimi. Kila jioni umekaa na tupa unanifuta, kimoja baada ya kingine.

Baba hakuwahi kunisifu, unajua. Hata kitandani alisema karakana ni ya mwanamume. Lakini kuna jambo hulijui kwa sababu ulikuwa dirishani. Nilipoanza kufua peke yangu, alipokuwa akinunua mabawa ya bata mzinga, alikuwa akichambua manyoya ya bawa la kulia na kuyatupa motoni. Hakuniambia kwa nini. Mimi nilidhani ni uzee. Kwenye podo lake la mwisho la mishale hapakuwa na unyoya mmoja wa kulia. Aliyoyabakiza ndiyo manyoya niliyokuwa nakutumia.

Ulinihitaji niwe sipo vigumba viliposifiwa, ukanihitaji niwepo mtu alipopasuliwa. Yote mawili umepata. Nenda kwa Bwana Mkubwa ukamwambie ilivyokuwa. Nenda na kwa Pua. Mwisho wa Agosti hauko mbali.

Dada yako

5 Agosti

Dada,

Barua nimeipata. Maneno unayajua sana wewe.

Kwa Pua nimekwenda, nimempelekea matunda. Atatembea, ila kwa fimbo. Hakuniuliza kitu nami sikuona haja ya kumchosha mgonjwa.

Kwa Bwana Mkubwa siwezi. Unadhani ni rahisi? Nikisema hilo, siku hiyohiyo nafungasha. Huku nimekaa miaka nikibeba mabegi, nikiitwa "wewe," na sasa naitwa jina. Unataka nirudi kwenu nikawe nani? Yule nguruwe alikufa, kwa hiyo hakuhesabiwa, nimebakiwa na mnyama yuleyule mmoja, na msimu unafungwa mwisho wa Septemba. Nimemwambia Bwana Mkubwa kwamba nimeachana na vigumba vya dada yangu, nitafua vingine mwenyewe.

Basi nisaidie, dada, mara hii tu. Nifulie sita, uzito wa nati yako, ila makali yaegemee kulia. Manyoya ya kulia nitatafuta. Mkono wako wa kulia si ulifundishwa? Baba alihangaika nao miaka. Ukinikatalia, ujue ni wewe uliyenimaliza.

Usiandike jina lolote kwenye kifurushi.

Mdogo wako

29 Agosti

Mdogo wangu,

Hukuniamkia safari hii. Nimeona. Marahaba hata hivyo.

Mama hajambo. Fundi wa mageti ameshaleta mitungi yake ya gesi, ameipanga penye rundo langu la makaa, na kesho kutwa ananisaidia kubeba fuawe mpaka uani kwetu. Ni mtu mzuri, aliniomba radhi. Nilitaka kumwuliza anaomba radhi kwa niaba ya nani.

Sasa sikiliza, maana haya sitayaandika tena. Nilitaka kukukatalia. Lakini nilimsomea Mama kipande kile cha "nikawe nani," akalia, akasema mtoto wake atakufa kwa aibu huko ugenini, nifanye analotaka. Yaliyobaki kwenye barua sikumsomea. Basi nikawasha moto. Nikashika nyundo kwa mkono wa kulia. Kila nikigeuka, wa kushoto unarukia tupa wenyewe, unajua kwake. Nikaona hapa hakuna njia ila ile ya Baba. Nikautoa ugwe wa upinde wake wa zamani ukutani, nikauweka mkono wa kushoto kiunoni, nikamwita Mama anifunge.

Alinifunga kwa kupapasa. Bado anajua fundo lile, alilitazama miaka mingi bila kusema neno. Alipomaliza akaniuliza, "Nani tena kasema ufungwe, mwanangu? Si Baba yako amekufa?"

Nikafungua mdomo nikutaje, nikashindwa. Akiwa na macho yale, hana kingine cha kutazama ila picha yako aliyonayo kichwani. Nikamwambia ni mimi mwenyewe nimetaka. Kwa hiyo tumekuwa sawa, mdogo wangu, nami nimekuficha jina. Tofauti ni kwamba mimi sikupata kazi kwa hilo.

Nilifua kimoja. Kibaya! Hata wewe ungekicheka. Kimepinda, ncha nene, makali yameegemea kulia kama ulivyotaka. Nilikizungusha juu ya fuawe kikatetema mpaka nikakitupa majini. Chuma kikagonga chini ya ndoo, nikamwita Mama anifungue. Akapapasa, akapapasa, vidole vikashindwa. Akaanza kunicheka, kisha akaacha. Akasema, "Zamani alikuwa anakufungua yule mdogo wako. Yuko wapi atoe meno yake?"

Nikasema, ana kazi.

Kwenye rafu palikuwa na kigumba kimoja changu kilichobaki, cha shoto, kizima. Nikakishika kwa mkono ule mjinga wa kulia, nikakipitisha chini ya ugwe. Hakikuhitaji kusukumwa, kamba iliachia yenyewe. Ilikuwa kamba ya Baba, na sikusikitika.

Kigumba hicho nimempa dereva, pamoja na kile ulichonirudishia ulichokipiga tupa. Anampelekea Pua, hospitalini, mkononi mwake. Sikuandika neno, umesema mwenyewe anasoma damu kama gazeti. Avishike vyote viwili, aone mikwaruzo imetoka upande gani. Atakachosema kwa Bwana Mkubwa ni chake, paja ni lake.

Kwako hakuna kigumba humu ndani. Kuna ugwe uliokatika. Fundo halijafunguka, nimekuachia, maana ni wewe tu uliyekuwa ukijua kulifungua.

Kwenye kifurushi nimeandika jina langu, kwa herufi kubwa, ili kila atakayekipokea njiani alisome.

Dada yako,
MASHOTO